Gobore la Mlimani na Marisau ya Ulaya

Wako watu wasemao, tena kwa kujiamini sana, kwamba babu zetu wa Kilimanjaro walishindwa na Wajerumani kwa sababu walikwenda vitani na magobore. Usemi huu tumeusikia mabarazani mjini Moshi, na tumeusikia madarasani pia. Maana yake ni kwamba gobore ni kitu cha kuchekesha, bunduki ya kufukuzia nyani shambani, na kwamba mtu aliyetoka nalo kwenda kupigana alikuwa amekwisha shindwa kabla hajavuka mto wa kwanza. Sisi hatukubaliani na usemi huo. Twaona kwamba wausemao hawajaitazama vema bunduki yenyewe, wala hawajaitazama ardhi iliyopiganiwa. Tena wengi wao hawana habari kwamba yalikuwako maandishi, yenye mihuri ya mataifa makubwa, yaliyoamua ni bunduki ya namna gani Mwafrika aruhusiwe kuishika.

Tuanze na bunduki yenyewe. Bunduki zote za mkononi zaweza kugawanywa mafungu mawili kwa kutazama ndani ya mtutu. Fungu la kwanza ni zile ambazo mtutu wake umechongwa ndani michirizi izungukayo kama ya skrubu. Risasi ipitapo humo husokotwa, nayo ikitoka huenda ikizunguka kama pia na kuishika njia yake mpaka mbali. Fungu la pili ni zile zenye mtutu laini, usio na mchirizi hata mmoja. Gobore ni la fungu hili la pili. Na bunduki ya marisau, ambayo vijana wa leo huiita shotigani, nayo ni ya fungu hili hili. Basi gobore na shotigani ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza hushindiliwa baruti kwa mdeki kutoka mdomoni. Wa pili hutiwa ganda lililokwisha tengenezwa, kwa nyuma. Lakini ukichungulia ndani ya mitutu yao hutaona tofauti.

Mtutu laini una kasoro yake na una sifa yake. Kasoro ni kwamba risasi moja itokayo humo huyumba, hata mtu aliyesimama mbali hatua 100 huwa na nafasi nzuri ya kurudi kwake salama. Sifa ni kwamba mtutu huo hauchagui chakula. Waweza kuulisha risasi moja kubwa ya mviringo, au marisau mengi madogo, au vyote viwili kwa pamoja. Marisau yakitoka hutawanyika, kila moja likienda upande wake kidogo, na katika umbali mfupi mpigaji hana haja ya kulenga kama mtu atungaye uzi katika sindano. Jambo hili Wamarekani walilijua zamani. Katika vita vyao vya kujitoa chini ya Waingereza, vya miaka ya 1775 mpaka 1783, na tena katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865, askari wengi wenye bunduki za mtutu laini walipewa kwa kila mpigo risasi moja kubwa na tatu ndogo juu yake. Hakuna aliyewacheka kwa hilo.

Sasa twende mlimani. Zamani za Horombo wa Keni, ambaye ngome zake za mawe zilijulikana Rombo yote, vita vya Wachagga vilikuwa vya mikuki na ngao. Rebmann, mmisionari aliyefika Kilema mwaka 1848 na kuwaeleza watu wa Ulaya habari za theluji ambayo wengi wao walikataa kuisadiki, alikuja na mwavuli mkononi. Na kwa kusema kweli mwavuli huo ulimfaa, maana mvua za upande wa kusini wa mlima si za mzaha. Lakini misafara ya pwani ilikuwa imekwisha anza kupanda kutoka Pangani na Mombasa kutafuta pembe za ndovu, na pamoja na shanga na nguo ilileta bunduki na baruti. Kwanza zilikuja chache, za kuonyeshana. Kisha biashara ikakua. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, ambayo yalikuwa yakibadili silaha zake kila baada ya miaka michache na kutafuta mahali pa kutupia zile za zamani. Mahali palipatikana. Palikuwa hapa kwetu.

Mangi wawili ndio waliofahamu mapema kuliko wenzao maana ya bunduki hizo: Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Sina wa Kibosho. Rindi alikuwa mtu wa maneno na mapatano. Aliwapokea wasafiri wa kila taifa, akawapima kila mmoja kwa kile alichoweza kupata kwake, na mwaka 1885 akatia alama yake katika karatasi ya Wajerumani iliyoletwa na Jühlke. Sina alikuwa mtu wa vita. Ngome yake ya Kibosho ilizungukwa na kuta za mawe, na jeshi lake liliogopwa kuliko jeshi lolote mlimani. Wote wawili walinunua bunduki kwa pembe, na kila mmoja alijitahidi mwenzake asipate baruti. Maana gobore bila baruti ni kipande cha bomba kilichofungwa kwenye gogo, na mangi aliyeishika njia ya msafara alikuwa ameishika na roho ya jirani yake.

Na hapa yatupasa kuitazama ardhi, kwa sababu ndiyo iliyoipa bunduki ya mtutu laini heshima yake. Msomaji aliyezaliwa Old Moshi au Kibosho hana haja ya kuelezwa. Lakini tunao wasomaji wa nyika, na wa pwani, na wa Ziwa. Mteremko wa Kilimanjaro umekatwa na mabonde marefu yashukayo kutoka msituni, kila bonde na mto wake, na baina ya bonde na bonde kuna mgongo wa ardhi ambao zamani ulikuwa nchi nzima yenye mangi wake. Juu ya mgongo huo kihamba kimepakana na kihamba. Migomba imesongamana, chini yake majimbi na kunde, na kahawa ilipokuja baadaye ikaingia hapo hapo. Juu yake miti mikubwa ya kivuli. Na katikati hupita mifereji ya maji na vichochoro vyenye ua wa masale pande zote mbili. Mtu asimamaye katika kichochoro cha namna hiyo haoni zaidi ya hatua 20 au 30. Asubuhi za mwezi wa Juni, ukungu ukishuka, haoni hata hizo.

Basi chukua bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo ndiyo waliyobeba askari wa Wajerumani. Ni bunduki nzuri. Kipimo chake cha kulengea kimechorwa mpaka mita 1,600. Iweke katika kichochoro cha Old Moshi, na zote zile mita 1,600, isipokuwa 30 za kwanza, hazina kazi. Mbele yake, nyuma ya mgomba, amekaa mtu mwenye gobore aliloshindilia tangu usiku. Anao mpigo mmoja tu. Kuushindilia wa pili kwahitaji utulivu na karibu theluthi moja ya dakika kwa mtu hodari, na zaidi kwa mwingine. Lakini mpigo ule mmoja, katika hatua 20, ni sawa na wa Mauser, na kama ndani yake mna vipande vitano au sita badala ya kimoja, basi huenda ukawa bora. Hii ndiyo hesabu ambayo wenye kuliita gobore silaha ya kitoto hawajaifanya.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina upande wa pili, nao ulionekana Kibosho. Mwezi wa Februari 1891 Wissmann alikuja na askari wake, wengi wao wakiwa Wasudani na watu walioandikwa Msumbiji, na mizinga, na ile bunduki ya Maxim ambayo wazee wetu waliiita bombomu kwa mlio wake. Rindi aliwapa Wajerumani watu wa kuwasaidia, kwa kuwa Sina alikuwa adui yake wa siku zote. (Tumekwisha sikia watu wakimlaumu Rindi kwa hilo kana kwamba alikuwa waziri wa serikali ya Tanzania. Nchi yake ilikuwa Moshi, na Kibosho ilikuwa nchi ya kigeni.) Watu wa Sina walipigana kwa siku kadhaa, wakijificha nyuma ya kuta na kutoka tena. Lakini ukuta wa mawe humfunga mtu aliye ndani kama unavyomzuia aliye nje. Mzinga hupiga kutoka mahali ambapo gobore haliwezi kujibu, na bombomu itemayo risasi kama 500 au 600 kwa dakika haimpi mtu nafasi ya kushika mdeki. Ngome ikaanguka. Ikiwa pana mahali ambapo gobore lilishindwa waziwazi, ni hapo, na lilishindwa kwa sababu vita vilihamishwa kutoka kichochoroni kwenda ngomeni, ambako umbali ulikuwa wa kuchaguliwa na mwenye mzinga.

Wakati mambo hayo yakitendeka Kibosho, wino ulikuwa umekwisha kauka juu ya yale maandishi tuliyoyataja mwanzoni. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa 17 yalitia sahihi mkataba mkubwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Lengo lake lilikuwa jema, na sisi tuliokulia katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilipita hatuwezi kulidharau. Lakini ndani ya mkataba huo mlikuwa na sura ya silaha, na yafaa kila mwalimu wa historia aisome. Mataifa yalikubaliana kwamba katika sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, kutoka bahari hata bahari, ni marufuku kuingiza bunduki na risasi, hasa zile za michirizi na za namna mpya. Kisha ikawekwa ruhusa: bunduki za gumegume zenye mtutu usio na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida, zaweza kutolewa katika ghala na kuuzwa mahali ambapo serikali itaona hapana hatari.

Tuyasome tena maneno hayo polepole. Bunduki ya gumegume, ambayo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameiacha miaka 50 iliyopita, mtutu laini, baruti ya biashara. Haikuwa kwamba Mwafrika hakuweza kuitumia bunduki bora, wala kwamba hakuitaka. Watu wenye miwani walikaa mezani, wakazipanga bunduki za dunia katika safu, wakanyosha kidole kwenye ile ya mwisho, wakasema, "Hii ndiyo yao." Na wale wale waliokuwa wakisema hivyo walikuwa wakishusha Maxim katika bandari zetu, kwa kuwa serikali zenyewe hazikufungwa na marufuku hiyo. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba babu zetu walikuwa na magobore, twamjibu kwamba ni kweli, na kwamba jambo hilo lilipangwa.

Hata hivyo halikupangika sawasawa kama walivyotaka. Rindi alikufa mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika nchi akiwa kijana. Ugomvi kati yake na Wajerumani waliokaa Marangu kwa Marealle ukazidi. Tarehe 10 Juni 1892 Bülow, mkuu wa kituo chao, alipanda Moshi na askari wake kumtia Meli adabu. Watu wa Meli walikuwa na bunduki za namna nyingi: yalikuwamo magobore, na zilikuwamo za kutiwa risasi kwa nyuma zilizopenya marufuku, na mikuki haikukosekana. Waliwapokea Wajerumani katika migomba na mabonde, katika umbali ule tuliokwisha ueleza. Bülow alipata jeraha lililomwua, jeshi lake likarudi likiwa limevunjika, na kwa muda Wajerumani wakauacha mlima. Hasira yao iliwaangukia wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Moshi tangu 1885, ambao walishukiwa kwamba ndio waliomsaidia Meli kupata silaha. Nao wakalazimika kuhamia Taveta mwaka ule ule. Ilikuwa vigumu kwa Wajerumani kuamini kwamba jeshi lao lingeweza kupigwa na Wachagga bila Mzungu mwingine nyuma ya jambo hilo.

Wala Meli hakuwa peke yake. Miezi kumi nyuma, tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe walikuwa wameliteketeza jeshi la Zelewski, hasa kwa mikuki, kwa kulivizia njiani likiwa katika safu ndefu. Somo ni lile lile. Bunduki ipigayo mbali, isipopewa mbali ya kupigia, imepoteza nusu ya uwezo wake, na mtu aliyekaribia huwa hana la kuhofu tena isipokuwa singe.

Wajerumani walilielewa somo. Mwezi wa Agosti 1893 von Schele, ambaye alikuwa gavana, alikuja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi na mizinga, na safari hii boma la Meli likachukuliwa. Watu wa Moshi wakatakiwa kutoa silaha zao, na kutoa nguvu zao za kumjengea mshindi kituo pale pale Old Moshi. Yafaa tuwakumbushe vijana kwamba mji wa Moshi wa leo, wenye stesheni na maduka, ulikua chini baada ya reli kufika mwaka 1911; vita hivi vyote vilikuwa juu, ambako sasa watu hupita na magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi bila kujua wanakanyaga nini. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa huko huko Old Moshi pamoja na wenzake 18, kwa shitaka la njama ambayo ushahidi wake haukumridhisha mtu yeyote mlimani. Kichwa chake kilikatwa. Katika uchunguzi wa mafuvu uliotangazwa Berlin mwaka 2023 alipatikana mshauri wake mmoja. Yeye mwenyewe hakupatikana.

Mwaka mmoja kabla ya kunyongwa Meli, yaani mwaka 1899, mataifa yalikutana tena, mara hii The Hague, kuzungumza juu ya adabu za vita. Waliandika kwamba ni haramu kutumia silaha ziletazo maumivu yasiyo ya lazima. Waliandika pia tamko la kukataza risasi zifumukazo mwilini, zile zilizojulikana kwa jina la dumdum. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali Ardagh, alipinga tamko hilo; hoja yake ilikuwa kwamba mtu wa Ulaya akipigwa risasi ndogo hujua kwamba amejeruhiwa na hulala chini, lakini mtu asiyestaarabika huendelea kuja mbele, na hivyo yafaa awekewe risasi ya namna nyingine. Uingereza haikuingia katika tamko hilo mpaka mwaka 1907. Na hata baada ya hapo, tamko lilihusu vita kati ya mataifa yaliyotia sahihi tu. Old Moshi haikutia sahihi.

Twaja sasa kwenye Vita Vikuu vya kwanza, na hapa dunia iligeuka kwa namna ambayo ingemfurahisha Meli kama angalikuwa hai. Vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani yalikuwa bado yanabeba ile Mauser ya 1871 yenye baruti nyeusi, ambayo kila ikipigwa hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali pa kupiga. Mwenye makuu alikuwa amewawekea askari wake mwenyewe bunduki ya zamani, kwa mawazo yale yale ya Brussels. Walikuja kupata bunduki mpya kwa kuziteka Tanga mwezi wa Novemba 1914, pamoja na bombomu 16 na risasi 600,000 za Waingereza. Mwezi wa Machi 1916, katika vichaka vya vilima vya Latema na Reata upande wa Taveta, watu walipigana usiku kwa kusikia tu, karibu karibu, na baada ya hapo Moshi ikaangukia mikononi mwa Smuts.

Lakini kisa tunachokitaka kilitokea Ufaransa. Huko majeshi yalikuwa yamejichimbia mahandaki, na handaki ni kichochoro: ni jembamba, lina kona, na mtu haoni mbele zaidi ya hatua chache. Wamarekani walipofika walileta bunduki ya marisau ya Winchester ya mwaka 1897, iliyobuniwa na John Browning, wakaifupisha mtutu, wakaifunika bamba la chuma lenye matundu ili isimwunguze mshikaji, wakaitia singe. Ilibeba maganda sita. Kila ganda lilikuwa na marisau tisa, kila moja nene karibu kama risasi ya bastola. Na kwa namna ilivyoundwa, askari aliweza kushikilia kidole pale pale na kusukuma mkono mbele na nyuma, nayo ikapiga na kupiga mpaka ganda la sita. Marisau 54 katika pumzi chache. Dosari yake kubwa ilikuwa maganda yenyewe: yalikuwa ya karatasi, na unyevu wa mahandaki uliyavimbisha hata yakakataa kuingia, mpaka yalipotengenezwa ya shaba. Mzee yeyote wa mlimani aliyewahi kulinda baruti yake wakati wa masika angaliwaambia.

Nani basi aliyelalamika? Tarehe 19 Septemba 1918 serikali ya Ujerumani, kwa mkono wa Waswisi, ilipeleka Washington barua ikisema kwamba bunduki hiyo ya marisau yavunja sheria ya The Hague kwa kuleta maumivu yasiyo ya lazima, na kwamba kila Mwamerika atakayekamatwa na bunduki hiyo au maganda yake atauawa. Waziri Lansing alijibu mwishoni mwa mwezi ule kwamba bunduki hiyo ni halali, na kwamba ikiwa askari mmoja atauawa kwa ajili hiyo, Marekani itajua la kufanya kwa wafungwa walio mikononi mwake. Vita vikaisha tarehe 11 Novemba, na jambo likabaki katika makaratasi. Serikali iliyolalamika ilikuwa imekwisha tumia hewa ya sumu tangu 1915. Ilikuwa pia ndiyo serikali iliyotia sahihi Brussels kwamba mtutu laini wawafaa Waafrika kwa sababu hauna hatari. Katika miaka 28 mtutu ule ule, kwa kuongezewa ganda na kuingia mikononi mwa watu wengine, ulikuwa umekuwa wa kutisha kupita kiasi cha sheria.

Baada ya hapo historia ya bunduki hii yafuata vichaka popote vilipo. Huko Malaya, katika vita vya msituni vilivyoanza mwaka 1948, Waingereza waliona kwamba katika hatua 30 za kwanza mtu mwenye marisau ana nafasi kubwa zaidi ya kumpata adui kuliko mwenye bunduki ya michirizi, wakawapa bunduki hizo watu wa mbele wa doria. Vikosi vya King's African Rifles vilikuwako huko, kwa hiyo wako Waafrika wa Mashariki waliojifunza somo la migombani katika msitu wa Asia kwa mshahara wa Mwingereza. Nchini Kenya, wakati wa Mau Mau, walinzi wa vijiji waliosimama upande wa serikali walianza na mikuki kisha wengi wakapewa bunduki za marisau. Na upande wa pili, wapiganaji wa misituni walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya magurudumu. Nazo zilikuwa za mtutu laini, na wakati mwingine zilimlipukia mwenyewe. Hatujui ushujaa upitao wa mtu aishikaye bunduki ya namna hiyo shavuni. Vietnam Wamarekani waliirudia tena kwa sababu zile zile, na hapo hatuna la kuongeza.

Wakati wa amani watu wengi walidhani habari yake katika majeshi imekwisha, isipokuwa kuvunjia makomeo ya milango katika vita vya mijini. Nchini mwetu imekuwa bunduki ya mlinzi na ya mkulima asumbuliwaye na wanyama, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 yamtaka kila mwenye nayo awe na kibali. Kisha vikaja vita vya Ukraine, vilivyopamba moto mwezi wa Februari 1922 ukiongeza miaka mia moja, yaani 2022. Huko imetokea silaha mpya: ndege ndogo isiyo na rubani, ya bei nafuu, ibebayo bomu na kumfuata askari mmoja mmoja hata mlangoni mwa handaki lake. Bunduki za michirizi zimeshindwa nayo, maana kuipiga ndege ndogo iendayo mbio kwa risasi moja ni kama kumpiga mbayuwayu kwa jiwe. Majeshi ya pande zote mbili yametafuta bunduki za marisau, zile zile za wawinda bata, wakawapa askari wao na kuwafundisha kupiga juu. Umbali wa kuiangusha ndege hiyo ni wa hatua chache makumi, na mpigaji apata nafasi ya mipigo miwili au mitatu kabla haijamfikia.